Kura Hutoka Mnara Unakofika

Hotuba kwa watangazaji, maprodyuza na watu wa masoko wa redio za mkoa wa Tanga, Siku ya Redio Duniani, 13 Februari

Ndugu Mwenyekiti, mameneja wa vituo, watangazaji, maprodyuza, watu wa masoko, na nyie mafundi wenzangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni, mmeitikia vizuri kuliko mnavyoitikia simu za mafundi usiku wa manane.

Nimepewa mada mbili: usikivu wa vituo vyetu, yaani matangazo yanasikika mpaka wapi, na vipindi vya kuhesabu nyimbo, yaani chati za kila wiki na zile kubwa za mwisho wa mwaka. Aliyepanga ratiba ameziandika kwenye mistari miwili, wa kwanza wa mafundi, wa pili wa madijei. Mimi naziona ni habari moja. Kipindi cha chati ndicho kipimo cha usikivu cha bei rahisi kuliko vyote tulivyonavyo, na kila mwaka tunakitupa mara tu tukishamtangaza namba moja.

Tuanze na promo. Kila kituo humu ndani kinayo: ngurumo, mwangwi, halafu sauti nzito, "Tunasikika Tanga nzima, Pemba, Unguja, Kilimanjaro mpaka Mombasa!" Ngurumo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ile orodha ya miji. Nikiuliza nani alikwenda Kilimanjaro kusikiliza, naambiwa kuna msikilizaji alipiga simu akiwa Same. Alipiga lini? Mwaka juzi. Alikuwa anasikiliza kwenye redio au kwenye simu yenye bando? Hapo kimya.

FM haina uchawi. Mawimbi yake, kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, husafiri kwa kunyooka. Yakikutana na mlima yanakwama, na dunia ikijipinda yanapita juu yanakwenda zake angani. Wazee wetu waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam kwa masafa ya kati na masafa mafupi walizoea kitu kingine kabisa. Mawimbi yale usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali, ndiyo maana mtu wa Kigoma aliweza kuipata Dar es Salaam na mtu wa Dar es Salaam akaipata London. Nyie mmerithi majigambo ya zama zile mkayabandika kwenye mtambo wa FM.

Hesabu yenyewe ni ndogo, hata kwa simu inafanyika. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Hizo ndizo kilomita kutoka kwenye antena hadi upeo wa ardhi. Mnara wa mita 60 hapa mjini, kwenye ardhi hii tambarare ya ufukweni, unakupa kilomita 32 hivi. Redio iliyo mkononi mwa mtu aliyesimama inakuongezea kama tano. Kwa hiyo Pongwe umefika, Muheza unabisha hodi, na Segera unamwachia Mungu. Sasa chukua antena ileile uipandishe milima ya upande wa Amani, mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kipeuo cha pili cha 900 ni 30. Zidisha kwa 4.1, unapata kilomita 123, na hukuongeza hata wati moja.

Karabai likitundikwa juu ya mti linaangaza uwanja mzima wa ngoma, likiwekwa chini linaangaza miguu ya wachezaji, hata ulipige pampu vipi. Meneja anayeniambia tununue mtambo wa kilowati moja badala ya huu wa wati 500 huwa namjibu hivi: ukiongeza nguvu mara mbili, mawimbi yanayomfikia msikilizaji yanapata nguvu mara 1.4 tu, lakini umeme na dizeli vinakwenda karibu mara mbili. Kabla hujatoa hizo fedha, tupande mnara tukaangalie kebo. Hewa ya pwani ina chumvi. Viungo vya antena vinaota kutu ya kijani, maji yanaingia kwenye kebo, nguvu inafika juu inakataliwa na kurudi kwenye mtambo, na mtambo wenye kinga nzuri unajipunguza wenyewe usije ukaungua. Kwenye karatasi za kituo imeandikwa wati 500, mita pale mbele inasoma 180. Hayo nimeyaona kwenye vituo zaidi ya kimoja, sivitaji, wenyewe wananitazama hapa.

Halafu kuna upande wa msikilizaji, ambao sisi wa mitambo tunausahau kwa sababu hauko kwenye bajeti yetu. Wasikilizaji wengi wa vijijini siku hizi hawana redio kubwa ya kuvuta antena. Wana simu ya kitochi, na kwenye simu nyingi antena ya FM ni waya wa hedifoni. Waya ukinyooka kutoka sikioni hadi mfukoni, anawapata. Akiukunja akautia mfukoni, anapata mchakacho. Waya huo unaning'inia wima, na antena ya gari nayo imesimama wima. Mnara unaorusha mawimbi ya kulala peke yake unampunja mtu huyo sehemu kubwa ya haki yake. Mwulizeni fundi wenu antena yenu imefungwaje. Akianza kukuna kichwa, jibu mnalo.

Mnaotaka darasa la vitendo, pandeni gari kutoka Mombo kwenda Soni mkiwa mmefungua redio. Kwa kituo chenye antena mlimani, pale chini barabara kuu mnasikia vizuri. Mkiingia kwenye kona za lile bonde, sauti inaanza kupasuka. Mawimbi yanayokuja moja kwa moja yanakutana na yale yaliyogonga mwamba wa ng'ambo na kuchelewa kidogo, yanauana. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita tatu, hivyo gari likisogea mita moja sauti inarudi, likisogea tena inakufa. Dereva anasimama kununua matunda, gari limesimama pabaya, mkono unakwenda kwenye redio anatafuta kituo kingine. Mkifika Lushoto mjini, kule bondeni, mnara ule umeshawaaga zamani.

Baharini ni kinyume. Pemba iko wazi mbele yetu, hakuna kilima katikati. Tena zipo siku za kaskazi, upepo umelegea, hewa ya moto imelalia hewa ya baridi iliyo karibu na maji, na mawimbi ya FM yananaswa katikati yake yakaenda mbali kupita hesabu yoyote niliyowapa. Siku hiyo mtu wa Lamu anaweza kuwatumia ujumbe kwamba anawapata safi kabisa, na ni kweli anawapata. Kesho yake upepo ukivuma, hawapati tena mpaka Mungu apende. Lakini prodyuza ameshaitia Lamu kwenye promo, na Lamu haitatoka mle mpaka prodyuza astaafu.

Sasa nije kwenye kadi za salamu. Vijana mnazicheka, mnaona ni ushamba. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake, mahali alipo, wimbo anaoutaka, na orodha ndefu ya ndugu na jamaa. "Mimi fulani wa Maramba, nawasalimu fulani wa Korogwe, fulani wa Bumbuli, na wote wanaonifahamu." Akaipeleka posta, ikagongwa mhuri. Fundi akizipanga kadi za mwezi mezani, mafungu kwa wilaya, aliona mtambo wake unafika wapi bila kutoka ofisini. Kwenye masafa mafupi ilikuwa raha zaidi: wapenzi wa redio wa Ulaya na Japani waliviandikia vituo vya mbali ripoti kamili, saa ngapi, masafa gani, walisikia nini, kwa mchakacho kiasi gani, ili tu warudishiwe kadi ya kuthibitisha kwamba kweli walisikia. Kituo kililetewa vipimo bure, na stempu juu.

Leo mnaletewa ujumbe wa simu: "Namba 7 dijei uko juuu." Wimbo upo. Jina halipo, mahali hapapo. Kura mmeipata, ramani mmeikosa.

Pendekezo langu ni hilo tu, na halihitaji fedha ya mfadhili. Kura ya chati iwe na wimbo, jina, na mahali msikilizaji alipo wakati huo, kijiji au mtaa, na aseme anasikiliza kwenye redio au mtandaoni. Mtangazaji anaposoma kura hewani aanze na mahali. Watu wa Mkwaja wakisikia Mkwaja imetajwa, hamtahitaji kuwabembeleza, jioni ileile watajibizana na Pangani mjini. Wiki ikiisha, fundi na prodyuza wakae na ramani ya mkoa na kalamu ya rangi. Vijiji vyenye kura si kazi, hivyo vinajieleza. Kazi ipo kwenye sifuri. Kijiji kikubwa, kina soko, kina mnara wa simu, vijiji vya jirani vimepiga kura na chenyewe hakijapiga hata moja: hapo ama kuna kilima, ama kuna kituo kingine kinawafunika. Mtu apande pikipiki na redio ndogo ya betri akaangalie. Redio ya FM haichanganyi vituo viwili vya masafa mamoja, inamchukua mwenye nguvu na kummeza mwingine. Kwa hiyo kule Duga na Horohoro, kama mna jirani wa masafa upande wa pili wa mpaka, msikilizaji hatawalalamikia kwamba mnakwaruza. Hatajua kama mpo.

Hii inabadilisha hata tunavyoisoma chati yenyewe. Mwisho wa mwaka mnatoa nyimbo 100 bora "za mkoa wa Tanga", na hamna hata mmoja ulioombwa na mtu wa Lushoto. Mkasema Lushoto hawapendi kupiga kura. Jamani, hawakuwasikia! Mlichotangaza ni nyimbo 100 za watu wanaouona mnara wenu. Hilo si kosa, ila jina la kipindi ndilo linalodanganya.

Wenzetu wa Australia wana redio ya vijana iitwayo Triple J. Ilianza Sydney mwaka 1975 kwa masafa ya kati, mwaka 1980 ikahamia FM. Mwaka 1989 ikaanza kutandaza mitambo nje ya Sydney, na mwaka huohuo ikaanza kuhesabu nyimbo 100 zilizopigiwa kura na wasikilizaji, Hottest 100, ambayo leo nchi nzima husimama kuisikiliza. Kukua kwa mnara na kukua kwa chati vilikwenda pamoja. Walipata na misukosuko: Januari 2015 ilizuka kampeni mtandaoni ya kumwingiza Taylor Swift kwa nguvu, kampuni za biashara nazo zikadandia kujitangaza, na kituo kikauondoa wimbo wake kwenye hesabu. Wamarekani walichukua njia nyingine. Kipindi cha Casey Kasem, American Top 40, kilianza tarehe 4 Julai 1970 kwenye vituo saba tu, vikitumiwa santuri zenye kipindi kizima. Kile hakikuwa cha kura, kilifuata chati ya gazeti la Billboard, iliyopimwa kwa mauzo na kwa nyimbo zinavyopigwa redioni. Sisi hapa takwimu za mauzo hatuna. Kwa hiyo chati yetu ni ya kura, na tuiite hivyo: nyimbo mlizozipigia kura. Tusijifanye tumepima soko.

Na kuhusu bahasha, nitasema haraka kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Marekani mwaka 1959 na 1960 Bunge lao liliwahoji madijei hadharani kuhusu fedha za kupigia nyimbo, na Alan Freed, mmoja wa wakubwa wao, alipoteza kazi. Bahasha inaharibu muziki, hilo wengine watalisemea. Mimi linaniuma kwa sababu inaniharibia kipimo: msanii akinunua laini za simu akajipigia kura zote kutoka chumba kimoja, ramani yangu inaonyesha Ngamiani inawaka moto na kwingine kote giza.

Sasa muda, maana hapa ndipo chati nyingi za Tanga zinapovunjika. Nyimbo 100 za dakika nne ni dakika 400, saa sita na dakika arobaini, bila tangazo, bila salamu, bila taarifa ya habari. Weka hayo, siku nzima imekwisha. Lakini hiyo ni hesabu ya bongo fleva. Huu ni mji wa taarab, na taarab ya kisasa haina haraka na mtu, wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi. Mkipata nyimbo 15 za namna hiyo kwenye orodha, namba moja wenu anatangazwa usiku wa manane watu wamelala. Wapo wanaokata wimbo katikati. Msithubutu, mtu wa Tanga anajua beti inayofuata na anajua mmeiruka. Bora chati ya nyimbo 40 zilizopigwa nzima kuliko 100 zilizonyofolewa.

Na kama mnataka chati ambayo Dar es Salaam hawawezi kuwaiga, fanyeni ya nyimbo za hapahapa. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa za mji huu. Vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vya mji huu, na mwimbaji Shakila aliimba na Black Star. Kuna nyumba hapa bibi na mjukuu watagombana kuhusu nani ashike namba moja, na wote wawili watapiga kura, mmoja kwa kitochi, mwingine kwa simu ya kupangusa. Haki za wasanii na warithi wao mziulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, msingoje barua.

Walio Muscat, Dubai na Toronto wanaosikiliza kwa intaneti, karibuni sana, kura zenu ni halali na mapenzi yenu tunayaona. Ila ziende kwenye fungu lake. Muscat haipimi antena yangu, inapima kampuni ya intaneti. Kituo kimoja kilipata kura nyingi kutoka Ghuba wakaamini wamekua, kumbe mtambo ulikuwa umezimika robo ya siku na mkoa mzima umehama.

Watu wa masoko, nanyi msiniogope. Najua mwenye duka la vifaa vya ujenzi Lushoto atalipia tangazo ukimwambia anasikika. Atalipia mara moja. Mwezi wa pili atauliza wateja wake, na jibu atakalopewa litafika Korogwe kabla yako. Mpelekee ramani ya kura, umwonyeshe wilaya mnazosikika, na kama yeye anauza Mombo na Korogwe pia, mna la kuzungumza. Leseni za maudhui za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, zenyewe hutolewa kwa ngazi, kuna ya taifa, ya mkoa, ya wilaya. Kituo cha wilaya kujisifu nchi nzima ni kujichongea. Na mkitaka kutoa zawadi kwa kuchezesha bahati nasibu kwenye kura, piteni kwanza kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Zile promo za kuhesabu siku, "zimebaki siku 30, zimebaki 29," ningeomba zianze zikibaki saba. Siku ya 22 hakuna anayejali, hata wewe unayesoma.

Nimebakiwa na muda wa maswali.

Kijana wa shati la bluu anauliza Lushoto tuipige kwa wati ngapi. Mwanangu, hakuna wati za kupenya mlima. Unataka mtambo mdogo wa kurudia matangazo, juu ya kilima kinachouona mji, na wati 50 au 100 zinaweza kutosha bonde lile. Upewe masafa tofauti na ya mtambo mkubwa ili visipigane pale vinapokutana. Sola na betri vinaweza kuubeba. Kibali cha masafa kianze, kilima kifuate, na leseni yenu iwe inaruhusu wilaya hiyo.

Na wewe dada, wa mchakacho kule Mkata: jaribuni kuzima stirio. Matangazo ya stirio yanadai mawimbi yenye nguvu zaidi, na mtu aliye ukingoni mwa usikivu anapata kelele nyingi kwenye stirio kuliko kwenye mono. Kwa salamu na taarifa ya habari hakuna atakayejua tofauti. Zimeni wiki mbili bila kutangaza, halafu mwende kuhesabu kura za Mkata na Kwamsisi. Zikipanda, acheni hivyohivyo, na dijei akinuna mwambieni aje kwangu.